Memori Inapogoma Kabla Kompyuta Haijaamka

Mpelekee fundi wa mtaani kompyuta ya mezani iliyogoma kuwaka. Kabla hajashika bisibisi ataiwasha na kutega sikio. Ikilia pii, pii, pii bila kuleta picha, hahitaji maelezo zaidi. Anafungua ubavu wa kasha, anachomoa kipande cha RAM, anasugua ile miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, anapuliza vumbi, kisha anakirudisha mpaka vibanio vilie tak. Mara nyingi mashine inawaka, na mteja anashangaa kulipishwa kwa kazi ya raba.

Milio ile ndiyo lugha pekee ambayo BIOS inayo wakati huo. Memori haijapatikana, na bila memori hakuna pa kuandalia picha ya skrini. Kilichobaki ni kispika kidogo cha bei ya chini kabisa ndani ya kasha. Waliobuni milio hiyo walikata shauri moja la busara: ukishindwa mapema mno kiasi cha kutoweza kujiokoa, walau useme umeshindwa na nini.

Hatua moja mbele, BIOS inapomaliza zamu yake na kuukabidhi usukani kwa kiini cha mfumo endeshi, swali hilohilo linarudi likiwa gumu zaidi. Kiini nacho kinahitaji memori ili kijijenge, na kinaihitaji kabla hakijawa na mtambo wa kuigawa. Kikiomba kikakosa, kifanye nini? Kijizime? Kipunguze mahitaji? Kijifanye hakijaona? Nitatumia Linux kama mfano mkuu, kwa kuwa msimbo wake uko wazi na historia ya majibu yake inasomeka. Msimamo wangu niuseme mapema: katika sekunde hizo za kwanza, kushughulikia hitilafu si kazi ya uokoaji. Ni kazi ya ushahidi, na wengi wanaoandika msimbo wa kuwashia huisahau ya pili kwa kuhangaikia ya kwanza.

Kompyuta ikishaamka, kukosa memori ni shida yenye milango mingi ya kutokea. Kiini kinaweza kumwambia mwombaji asubiri. Kinaweza kutupa nakala za mafaili zilizowekwa karibu ili kazi iende haraka. Kinaweza kusukumia diski kurasa zisizotumika, na yakifika maji ya shingo, kinachagua mchakato mmoja mnono na kuuua ili mingine ipumue. Sasa rudi hadi sekunde ya kwanza. Hakuna wa kusubiriwa, maana anayefanya kazi ni mmoja tu na ndiye huyo anayeomba. Draiva ya diski haijaamshwa. Nakala za kutupa hazipo. Mchakato wa kuua haupo, labda kiini kijiue chenyewe, na mara nyingi ndivyo kinavyofanya.

Katika giza hilo memori inagawiwa na mtambo wa muda uitwao memblock. Mfikirie mtu anayefungua duka la rejareja. Kabla hajanunua daftari, anaandika kwa kalamu kwenye ubavu wa boksi: hapa unga, pale sabuni, kona ile ni ya mwenye nyumba, isiguswe. Memblock ni boksi hilo. Ina orodha mbili, moja ya memori iliyopo na nyingine ya ile iliyokwisha kutengwa, na kila orodha kwa kawaida huanza na nafasi 128 zilizochongwa ndani ya programu yenyewe. Nafasi hizo haziwezi kuombwa, kwa sababu huwezi kuomba memori ya kuandikia orodha ya memori kabla orodha haijakuwapo. Zikijaa, orodha inaweza kujiongeza maradufu, ila kwa ruhusa, na ruhusa hiyo haitolewi mapema sana.

Habari za kuandika kwenye boksi zinatoka kwa BIOS au mrithi wake, UEFI, na wasimulizi hawa si waaminifu kila siku. Kwenye mashine za jamii ya x86, tangu mwaka 2021 kiini cha Linux hutenga megabaiti 1 ya kwanza nzima na kuacha kuitumia, kwa kuwa BIOS nyingine huandika humo hata baada ya kusema ni eneo huru. Mtu akikuibia mara kadhaa chumba kilekile, unakifunga.

Daftari halisi huja baadaye, nalo linakula mali linayoihesabu. Linux kwa kawaida hugawa memori katika kurasa za baiti 4096, na kila ukurasa hupewa kumbukumbu yake ya baiti 64. Mashine yenye gigabaiti 16 ina kurasa 4,194,304, kwa hiyo megabaiti 256 zinakwenda kwenye daftari kabla programu yoyote ya mtumiaji haijaanza. Hapo ndipo pana kioja ambacho vijana waliozaliwa na prosesa za biti 64 hawakukiona. Prosesa za Intel za biti 32 ziliweza, kwa mbinu ya PAE, kubeba hadi gigabaiti 64 za RAM. Lakini kiini kiliweza kuifikia moja kwa moja sehemu ya chini tu ya memori hiyo, kiasi cha megabaiti 896, na daftari lilipaswa kukaa humohumo. Gigabaiti 64 ni kurasa 16,777,216. Hata kumbukumbu ikipunguzwa hadi baiti 32, daftari linafika megabaiti 512, zaidi ya nusu ya chumba. Yaani kadiri tajiri alivyoongeza RAM, ndivyo kiini kilivyobanwa zaidi wakati wa kuwaka.

Kwa hiyo "memori imekwisha" mara nyingi ni tafsiri mbovu ya kilichotokea. Memori ipo tele, ila si pale ilipotakiwa. Mwombaji alitaka eneo lililo chini ya gigabaiti 4 kwa ajili ya kifaa cha zamani, au alitaka kipande kimoja kirefu kisichokatika, na maeneo yaliyotengwa yamekikatakata chumba kama shamba la urithi. Wakati mwingine hesabu yenyewe ni mbovu: mtu kazidisha idadi ya kurasa kwa ukubwa usio wake, na kiini kinaomba kiasi ambacho hakipo popote. Fundi anayeambiwa tu "memori haitoshi" atakwenda kununua RAM, na RAM mpya haitamsaidia.

Basi kiini kinajibuje? Zipo tabia tatu, na Linux inazo zote kwa pamoja, wakati mwingine ndani ya faili moja.

Ya kwanza ni kupunguza matumizi. Fungua logi ya kuwaka kwa amri ya dmesg kwenye mashine ya gigabaiti 16 na karibu na mwanzo utakuta mstari wa namna hii: "Dentry cache hash table entries: 2097152 (order: 12, 16777216 bytes, linear)". Hilo ni jedwali la kutafutia majina ya mafaili, megabaiti 16. Kiini kikikosa kipande kikubwa hivyo, hakipigi kelele. Kinagawa kwa mbili na kuomba tena, kisha nusu ya hiyo, mpaka kipate au mpaka kusibaki cha kugawa. Jedwali dogo hufanya utafutaji uende polepole kidogo, basi. Na mstari ule ule wa logi unakuambia ukubwa uliopatikana, kwa hiyo mwenye macho ataona kwamba mashine yake imepewa kidogo kuliko ilivyostahili. Huu ndio upunguzaji ninaouheshimu: unafanyika na unaandikwa.

Ya pili ni kufanya bila. Ukikiomba kiini kipanue bafa ya logi zake na memori ikakosekana, kitasema kiasi hicho hakipo na kuendelea na bafa ndogo iliyojengewa ndani. Vizuri sana. Lakini tabia hiyohiyo ikihamia mahali pengine inakuwa sumu. Chukua swiotlb, lile eneo la kati, kwa kawaida megabaiti 64, linalotumika pale kifaa kisipoweza kufikia anwani za juu za memori. Likikosekana lote, kiini kinaweza kuomba pungufu, na kikikosa kabisa kinaendelea na safari. Mashine inawaka, mtumiaji anaingia, kila kitu shwari. Kisha siku kadhaa baadaye, diski au kadi ya mtandao ikipata mzigo mkubwa, draiva inaanza kulalamika kwamba eneo limejaa. Nani ataunganisha kilio hicho na ombi lililokosa memori wakati wa kuwaka?

Ya tatu ni kupaniki. Kiswahili cha mtaani kimeshalichukua neno hili, nasi tulitumie. Kiini kinaandika "Kernel panic - not syncing", kinaongeza sababu, kisha kinasimama. Maneno hayo ya "not syncing" ni urithi wa Unix: maana yake kiini hakitajaribu kumwaga kwenye diski data iliyokuwa ikisubiri. Kuyaandika kabla diski haijajulikana ni kiapo cha bure, lakini desturi ni desturi.

Waafrika Mashariki tuliofundwa kuomba radhi hata kwa kosa lisilo letu huenda tukaona kupaniki ni ushenzi. Si ushenzi. Tom Van Vleck, aliyekuwa mmoja wa wajenzi wa mfumo wa Multics, amesimulia kwamba aliwahi kumwambia Dennis Ritchie wa Unix kuwa nusu ya msimbo aliokuwa akiandika ulikuwa wa kujinasua kwenye hitilafu. Jibu la Ritchie, kwa maana yake, lilikuwa kwamba wao mambo hayo waliyaacha nje: likitokea kosa panaitwa panic, mashine inaanguka, na unampigia mtu ukelele ukumbini aiwashe upya. Watu hulisimulia kama kichekesho. Mimi naona ni hesabu ya mtu aliyejua bei ya kila mstari wa msimbo.

Maana msimbo wa kujinasua una ugonjwa wake: haufanyi kazi mpaka siku ya balaa. Mwaka 2014 mafundi wa mfumo wa mafaili wa XFS walishtuka kugundua kwamba ndani ya Linux maombi madogo ya memori, hadi kurasa 8, karibu hayashindwi kamwe, kwa kuwa kiini huzunguka kikitafuta mpaka kipate. Fikiria maana yake. Maelfu ya mistari iliyoandikwa kwa uangalifu, "ikishindwa fanya hivi", huenda haikuwahi kukanyagwa na prosesa yoyote. Linux ina vifaa vya kupandikiza hitilafu kwa makusudi tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, na vinasaidia sana, lakini vinasaidia zaidi mashine ikishasimama kwa miguu yake. Kwa upande wa memblock, nafuu ilikuja mwaka 2022, pale majaribio yake yalipoanza kuendeshwa kama programu ya kawaida nje ya kiini, ambako kushindwa hakumzimii mtu kompyuta.

Upo ugonjwa mwingine unaoniudhi zaidi, kwa sababu unavaa kanzu ya uadilifu. Sehemu nyingi za Linux huamshwa na vitendakazi vidogo vinavyoitwa kwa zamu wakati wa kuwaka. Mwandishi makini huandika hivi: omba memori, ukikosa rudisha -12, namba ambayo kwa kiini maana yake ni hakuna memori. Safi kabisa, mkaguzi atatia tiki. Sasa fuata hiyo -12 uone inakwenda wapi. Anayeipokea haifanyii chochote. Huichapisha tu iwapo mtu aliwasha mashine kwa kigezo cha initcall_debug. Vinginevyo inamezwa na kiini kinaendelea na anayefuata. Sehemu ile imebaki nusu mfu, haina meza wala kiti, na hakuna aliyetangaza msiba. Baadaye programu isiyo na hatia inagonga mlango wake, kiini kinafuata anwani tupu, kinaanguka. Ripoti itamtaja aliyegonga mlango.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Kuangalia kama ombi limefanikiwa si mwisho wa uangalifu. Ukiangalia halafu ukamnong'oneza kiziwi, umefanya uharibifu usogee mbali na chanzo chake. Bora mwenzako aliyepaniki palepale.

Wasimamizi wa Linux wamelipitia somo hili kwa mzunguko unaochekesha kidogo. Zamani mtambo wa mwanzo ulikuwa na sura mbili: kitendakazi kimoja kilipaniki chenyewe kikikosa, kingine kilirudi mikono mitupu na kumwachia mwombaji aamue. Jina la kile kilichopaniki halikusema hivyo, na msomaji alilazimika kukumbuka. Mwaka 2018 mtambo mkongwe wa bootmem uliondolewa kabisa na memblock ikabaki peke yake, kazi iliyosukumwa na Mike Rapoport. Mapema 2019 akaendelea: kuanzia toleo la 5.1, memblock_alloc haipaniki tena, inarudisha patupu, na kila mwombaji anapaswa kuangalia. Kwa hiyo makumi ya mafaili yakapandikizwa mistari inayofanana kama mapacha: ukikosa, paniki, taja jina lako na baiti ulizoomba. Miaka sita haikupita. Mwanzoni mwa 2025 likaingizwa jina jipya, memblock_alloc_or_panic, na ile mistari ya mapacha ikaanza kufutwa.

Utasema tumerudi tulikotoka. Hapana. Tulikotoka mtu alipaniki bila msomaji kujua. Sasa neno limo ndani ya jina, na anapoanguka anataja kitendakazi kilichoomba na idadi ya baiti. Kwa anayetafuta hesabu mbovu, idadi hiyo ni dhahabu: ukiona mtu kaomba terabaiti kwenye mashine ya gigabaiti 8, huna haja ya kununua RAM.

Wakati mapacha hao wakipandwa, upande mwingine ulizuka ugomvi wa kiusalama. Mwaka 2019 ilitolewa namba CVE-2019-12380, ikidai kwamba msimbo wa EFI ndani ya Linux haushughulikii vizuri kukosa memori. Namba za CVE hutolewa kwa udhaifu wa usalama, na meneja wa benki akiiona kwenye orodha atataka ifungwe kabla ya Ijumaa. Dai hilo likapingwa, na maelezo ya upinzani yameambatishwa kwenye rekodi yenyewe: msimbo wote uliohusika huendeshwa wakati wa kuwaka tu, kabla mchakato wowote wa mtumiaji haujaanza, kwa hiyo hakuna mtumiaji asiye na mamlaka anayeweza kuuchezea. Rekebisho la msimbo lilipokelewa hata hivyo, na mimi naona pande zote mbili zilitenda haki. Kasoro ilikuwa kasoro. Tundu la mwizi halikuwapo, kwa kuwa mwizi hajazaliwa bado saa hiyo.

Tofauti ya saa ndiyo inayoeleza pia kwa nini Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwezi Aprili 2021, alipoletewa pendekezo la kuingiza lugha ya programu ya Rust kwenye kiini, alikataa katakata maktaba inayopaniki memori inapokosekana. Juu juu inaonekana kigeugeu: kiini chake mwenyewe kinapaniki kila mahali wakati wa kuwaka! Lakini draiva ya kamera inayokosa kilobaiti chache saa nane mchana, mashine ikihudumia watu, haina haki ya kuangusha kila kitu. Anayejenga daftari la memori akikosa karatasi, haki hiyo anayo, kwa kuwa hakuna kitu cha kuendelea nacho. Rust ya ndani ya Linux ikaandikiwa njia yake ambamo kila ombi linaweza kukataliwa waziwazi.

Limebaki suala la nani anasikia. Kupaniki mapema kuna ngazi zake za umauti. Afadhali ni ile ya kufa ukitaja jina na kiasi. Chini yake, kiini kilichofuata anwani tupu kabla hakijajipanga huandika "PANIC: early exception 0x0e" na namba chache za anwani, mafumbo ya kwenda kuagulia kwenye ramani ya msimbo. Ngazi ya chini kabisa, hata mshikaji wa makosa hayupo, prosesa inajikwaa mara tatu mfululizo na mashine inajiwasha upya bila neno. Mtumiaji anaona nembo ya mtengenezaji, giza, nembo, giza.

Na hata kifo cha maneno huweza kisisikike. Konsoli ya kawaida huamshwa baada ya memori kupangwa. Maneno yaliyosemwa kabla ya hapo yanakaa kwenye bafa, na bafa imo kwenye memori ya mashine iliyokufa. Na yakisikika, yafaa yaelekeze: Windows ina msimbo wake wa kuanguka 0x7D, uliopewa jina la INSTALL_MORE_MEMORY. Jina hilo linapendeza kwa kumwambia mtu cha kufanya, hata kama, kama tulivyoona, kuongeza memori si dawa ya kila ugonjwa.

Mahali ambapo haya yote yanauma kweli ni kwenye seva. Kdump ni utaratibu wa kutenga chumba kidogo cha memori, tuseme crashkernel=256M, na kuweka humo kiini cha pili kinachosubiri. Cha kwanza kikianguka, cha pili kinaamka ndani ya chumba hicho ili kiokoe picha ya memori ya marehemu. Ni kiini kamili, chenye draiva zake na mafaili yake ya kuwashia, kinachojibana kwenye chumba ambacho mtu alikikadiria miaka mitatu iliyopita, kabla seva haijaongezewa kadi mbili za mtandao. Wasimamizi wazoefu hukiwasha kwa prosesa moja tu, nr_cpus=1, kwa kuwa kila prosesa hudai memori yake. Kikikosa memori mapema, ushahidi wa ajali ya kwanza unapotea pamoja nacho. Ukadirie chumba hicho upya kila unapobadilisha vifaa, na ukijaribu kwa kuangusha seva makusudi siku isiyo na wateja.

Kwa kompyuta ya kawaida isiyowaka baada ya kubadilisha kiini, kabla hujaitupia lawama RAM, ongeza maneno haya kwenye mstari wa kuwashia: earlyprintk=serial,ttyS0,115200 memblock=debug. Kwenye vibao vidogo vya ARM tumia earlycon. Unganisha waya wa poti ya siriali kwenye kompyuta nyingine, nyaya tatu zinatosha, ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi, kisha uwashe na usome mstari wa mwisho.